Mwalimu Anajibu: Mchezo wa mabinti walioahidiwa kazi

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Sisi ni kikundi cha maigizo hapa Kirumba. Tunaandaa mchezo kuhusu mabinti wanaoletwa mjini kutoka visiwani na vijijini kwa ahadi ya kazi za ndani, kisha wanaishia kuuzwa kwa wanaume. Mwenzetu amesikia kuwa zaidi ya miaka mia iliyopita Wazungu waliandika michezo na riwaya nyingi za namna hii. Ni kweli? Kuna cha kuchukua humo? Yeye anataka tuanze na mgeni mwenye gari jeusi anayemteka binti stendi ya Nyegezi. – Katibu wa kikundi, Mwanza

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ni kweli kabisa. Mwaka 1910 Marekani ilipitisha Sheria ya Mann, iliyofanya kuwa kosa kumsafirisha mwanamke kutoka jimbo moja hadi jingine kwa ajili ya ukahaba, na miaka hiyo waandishi waliishughulikia habari hii mno. Mwaka huo huo Reginald Wright Kauffman alitoa riwaya ya The House of Bondage. Binti wa Pennsylvania, Mary Denbigh, anaahidiwa ndoa na kijana aitwaye Max, anapelekwa New York, na anajikuta mikononi mwa Rose, mwenye danguro. Kinachonigusa zaidi ni yanayomkuta baada ya kutoroka. Anatafuta kazi halali, anapata, yaliyopita yanamfuata, anafukuzwa. Mwishoni anarudi mwenyewe kubisha hodi kwa Rose, akiwa mgonjwa, na Rose anamkataa. Mnaomaliza mchezo pale binti anapookolewa, fikirieni hilo.

Mwaka 1913 michezo miwili, The Lure wa George Scarborough na The Fight wa Bayard Veiller, ilionyesha danguro jukwaani New York, polisi wakaingilia kati.

Sasa gari jeusi. Liacheni. Kazi nyingi za wakati ule ziliharibiwa na mgeni mwovu: mhamiaji asiyejulikana, sindano ya dawa za kulevya, binti anayepotea barabarani. Na binti huyo karibu kila mara alikuwa mweupe. Wanawake weusi walioumizwa vivyo hivyo hawakuandikiwa machozi. Sheria ya Mann yenyewe ilitumika mwaka 1913 kumtia hatiani bondia mweusi Jack Johnson kwa sababu ya uhusiano wake na mwanamke mweupe. Hofu ya mgeni huzaa mambo kama hayo. Na inawaficha walio karibu.

Huku kwetu anayekuja kumchukua binti mara nyingi anajulikana. Ni shangazi, ni jirani aliyehamia mjini. Anakuja na sukari na khanga, anakaa, anauliza hali ya mihogo, na mama mtu ndiye anayemwomba amsaidie mtoto. Nauli ya meli kutoka Nansio anailipa yeye. Wakishafika mjini nauli ile inaandikwa kwenye daftari, na chakula, na nguo, na deni halipungui hata binti afanye nini. Simu yake anatunziwa. Daftari hilo liwe mezani tangu onyesho la pili mpaka mwisho. Linatisha kuliko mtekaji yeyote.

Cha kuchukua kipo kwa Bernard Shaw, mwandishi wa michezo kutoka Ireland. Mchezo wake wa Mrs Warren's Profession aliuandika mwaka 1893, na huko Uingereza haukuruhusiwa kuchezwa hadharani mpaka 1925. New York mwaka 1905 ulifungwa baada ya onyesho moja na waigizaji wakashtakiwa. Ndani yake mama anamweleza binti yake alivyoingia katika biashara ile. Dada wa kambo wa mama huyo alifanya kazi kiwanda cha madini ya risasi kwa saa 12 kila siku, shilingi 9 za Kiingereza kwa wiki, hadi sumu ikamuua. Mama mwenyewe alikuwa mhudumu wa baa kwenye stesheni ya treni ya Waterloo, London, akiosha glasi kwa saa 14, shilingi 4 kwa wiki na chakula. Mhudumu yeyote wa baa hapa Kirumba ataielewa hesabu hiyo. Nanyi wekeni mishahara halisi mdomoni mwa wahusika wenu. Mshahara usiotosha kodi ya chumba ndio unaomrudisha binti kwa mwenye daftari.

Mwingine ni Sholem Asch, aliyeandika mchezo wa God of Vengeance kwa Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki. Baba anaendesha danguro chini ya nyumba yake, na juu anamlea bintiye katika dini. Gawanyeni jukwaa vivyo hivyo: mbele duka la soda na vocha, nyuma vyumba, na mwenye duka ni mtu anayeheshimiwa mtaani.

Msionyeshe kitanda, wala kumvua binti nguo mbele ya watu. Mwacheni aongee.

Tunayo sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu, na vituo vya polisi vina dawati la jinsia na watoto. Mwalikeni ofisa wake akae ukumbini siku ya onyesho, na namba 116 ya kusaidia watoto itangazwe kabla watu hawajaondoka.

Andiko la kwanza likiwa tayari, lisomeni mbele ya madada wa kazi na wahudumu wa baa. Wakisema haiko hivyo, futeni muandike wanavyosema wao.