Shotigani ya babu na bei za mnada

Kaka, hiyo shotigani ya Greener (kampuni ya bunduki ya Birmingham) uliyoiona mnadani Uingereza inayofanana na ya marehemu babu yako hapo Chumbageni, usianze kupiga hesabu za kuuza ya babu ununue bodaboda bana. Bei uliyoiona pale ni ya makadirio tu, we tafuta bei za zilizokwishagongwa nyundo, yaani zilizouzwa kweli, alafu ukumbuke mnunuzi anaongezewa kamisheni juu na muuzaji nae anakatwa yake. Jina nalo lisikubabaishe, Greener walitengeneza za madaraja yote, za mkulima hadi za tajiri.

Kabla ya yote kibali kiko jina la nani? Kama bado la marehemu nenda polisi kwanza, sheria ya silaha ya 2015 haina utani.

Ukishamaliza huko, hakikisha haina risasi, vua mitutu uigeuze, chini karibu na chemba, pale risasi inapokaa, utaona mihuri midogo yenye taji, ukikuta NP au BNP basi ilipimwa kwa baruti ya kisasa, isipokuwepo bei inashuka sana. Alafu ining'inize mitutu kwa uzi uigonge na kucha, ikilia kama kengele poa, ikitoa mlio wa debe bovu ujue solda inayoshikanisha mitutu imeachia katikati. Chungulia na ndani kwenye mwanga, huu upepo wetu wa chumvi wa Tanga unatoboa vishimo vya kutu humo we unaona nje inang'aa tu.

Na tafadhali kile kitako usimpe seremala akipige msasa na vanishi, cha bunduki ya kwetu kilifanyiwa hivyo, michoro yote ya mshiko ikaisha 😩