Maswali ya Wasomaji: Baga za plasta za Claes Oldenburg

SWALI: Nafundisha sanaa sekondari, Morogoro. Wanafunzi wangu wanaiga vyakula vya plasta (unga wa jasi unaoganda ukichanganywa na maji) vya Claes Oldenburg, mchongaji aliyekejeli ulaji na ununuzi wa Wamarekani. Kazi zetu zinapasuka, rangi nayo inabanduka. Yeye alifanyaje?

JIBU: Mwishoni mwa 1961 Oldenburg alifungua duka New York, mtaa wa East 2nd, akaliita The Store. Humo aliuza keki, nyama na nguo alizoziunda mwenyewe, kwa bei zenye senti mkiani kama za duka lolote. Ndani ya vitu vile mlikuwa na waya wa banda la kuku, juu yake kitambaa kilichochovywa kwenye plasta, kisha rangi ya mafuta inayong'aa, moja kwa moja kutoka koponi. Baga zake mbili za 1962, zilizoko Museum of Modern Art, ni gunia na plasta.

Nyufa kwa kawaida huanzia kwenye waya. Ukibonyea ukiushika, plasta itapasuka tu. Ukunje mara mbili na ufunge viungo kwa bainding waya. Kitambaa kipya cha amerikani kifueni kwanza kutoa wanga, la sivyo hakinywi plasta. Kwa kila kilo ya plasta wekeni maji kama mililita 700, na plasta ndiyo inayomwagwa kwenye maji, si kinyume chake. Changanyeni kidogokidogo, maana huanza kuganda baada ya dakika kumi hivi. Ikishaanza, msiiongeze maji: itakauka ikiwa unga. Ndoo yenye mabaki ya jana huigandisha upesi zaidi. Tabaka mbili au tatu zatosha, ila la chini likiwa limekauka lilowesheni kwanza, vinginevyo litanyonya maji ya lile jipya na yataachana.

Rangi kubanduka ni unyevu. Gusisheni kazi shavuni: ikiwa bado ya baridi, ngojeni, hata wiki nzima wakati wa masika.

Na msipige msasa! Baga iliyolainishwa hugeuka tangazo la mgahawa. Za Oldenburg zina michirizi na makunyanzi. Zinang'aa lakini hazitamanishi, na kejeli imekaa hapo.

SWALI: Je, baga yake ile kubwa ya sakafuni nayo ni plasta?

JIBU: Hapana. Floor Burger ya 1962 ina upana wa mita 2.13; kwa plasta isingebebeka. Ni turubai iliyoshonwa na mkewe wa wakati huo, Patty Mucha, ikajazwa sponji na maboksi, kisha ikapakwa rangi. Mkitaka kujaribu, maboksi yakae katikati kushikilia umbo na sponji pembeni; sponji peke yake hushuka. Jumba la sanaa la Toronto lilipoinunua 1967, wanafunzi wa sanaa waliandamana wakiwa na chupa kubwa ya kechapu.