Ticha, hii x inatoka wapi? Maswali yenu ya hesabu za mafumbo

Meseji zimejaa na karibu zote ni zile hesabu zinazoanza na "Juma alipanda boda", mtu akiona maneno mengi anaweka kalamu chini. Nimechagua chache.

Ticha shikamoo. Boda anachukua 1,500 ya kuanzia halafu 400 kila kilomita, abiria kalipa 5,100, kaenda kilomita ngapi? Mi nimejumlisha 1,500 na 400 nikapata 1,900, nikagawa, inatoka 2.68. Kitabu kinasema 9.

Marahaba. Kosa lako ndo la darasa zima, nalikuta kila mwaka. Ukijumlisha hizo mbili maana yake boda anakudai ile 1,500 upya kila kilomita, sasa boda hiyo atapanda nani? Hapo kuna hela za aina mbili, moja unailipa mara moja tu hata kama mmesogea kidogo mkasimama, na nyingine inaongezeka kadri tairi linavyozunguka. Kabla hujaandika x yoyote jiulize: nisipoenda popote nadaiwa ngapi? Hiyo ndo ya kuanzia, inakaa peke yake, na ile ya "kila" ndo inashikana na x. Kwa hiyo 400x + 1,500 = 5,100, toa 1,500 pande zote inabaki 3,600, gawa kwa 400 unapata 9. Afu ukimaliza irudishe kwenye swali uone kama hela inatimia, watu hawafanyi hivi sijui kwa nini, ni sekunde kumi tu.

Mwalimu, mi naelewa wakinipa bei ya kuanzia. Hapa hawajanipa! Tisheti 20 kuchapisha ni 190,000, tisheti 50 ni 400,000, niambie 80 ni ngapi.

Hili swali nalipenda. Wengi wanachukua 190,000 wanagawa kwa 20, inakuja 9,500, wanazidisha mara 80 wanaondoka na 760,000. Si kweli, jaribu na zile 50 uone, 9,500 mara 50 ni 475,000 na wewe umeambiwa 400,000. Yaani kuna hela imejificha mle ndani, labda ya kutengeneza fremu ya kuchapia, inalipwa mara moja bila kujali idadi. Angalia kilichobadilika tu. Tisheti zimeongezeka 30, hela imeongezeka 210,000, kwa hiyo kila moja ni 7,000, na huo ndo mteremko wanaouimba darasani, yaani mstari unavyopanda kwa kila tisheti moja ukiichora. Sasa tisheti 20 kwa 7,000 ni 140,000 lakini walilipa 190,000, hiyo 50,000 iliyozidi ndo ilikuwa imejificha. Tisheti 80 ni 560,000 jumlisha 50,000, jibu 610,000.

Simtenki la lita 1,000 linatoa maji, baada ya dakika 12 zimebaki 760. Litaisha lini?

Zimetoka 240 kwa dakika 12, ni 20 kila dakika, na hapa zinapungua kwa hiyo weka kutoa: 1,000 − 20t = 0, t ni dakika, inatoka dakika 50 tangu mlivyofungua. Ila kwenye mtihani tu bana. Nyumbani ukifungua koki ya chini, maji yakipungua yanatoka polepole zaidi maana yaliyo juu hayasukumi tena kama mwanzo, utasubiri zaidi ya hizo 50. Swali lingesema yanavutwa na pampu ya kasi ileile ningenyamaza.

Kamati ya harusi tumegawanyika. Mmoja anakodisha viti 500 kila kimoja na usafiri 30,000, mwingine 600 na usafiri 10,000. Tuchukue yupi?

Mna wageni wangapi? Mmebishana wiki nzima na namba hiyo hamjaitaja. Zilinganishe, 500x + 30,000 = 600x + 10,000, inatoka x = 200. Viti 200 wote wawili ni 130,000, chini ya hapo chukueni wa 600, juu ya hapo wa 500.

Kipimajoto cha Farenhaiti kinasoma 101 na mtoto anachemka, hiyo ni Selsiasi ngapi?

Toa 32, gawa kwa 1.8, ni kama 38.3. Homa hiyo, mpeleke hospitali. Ile 1.8 tutaongea ukirudi, inatoka kwenye maji, yanaganda 0 kwa Selsiasi na 32 kwa Farenhaiti, yanachemka 100 na 212, fanya kama tisheti.

Na makato ya kutuma hela kwa simu, nayo nichore mstari?

Hapana mkuu. Yale ni ngazi, kiasi kuanzia hapa mpaka pale makato yaleyale, ukivuka kidogo yanaruka. Ukilazimisha mstari pale utapata x nzuri tu kwenye daftari, na salio halitatosha.