Kabla hujashika kisu kwenye chumba cha anatomia

Kila vyuo vinapofungua, simu yangu hujaa ujumbe wa wadogo zangu waliochaguliwa kusomea udaktari. Swali huwa lilelile: "Dada, hivi kweli nitaweza kumkata maiti?" Nimelijibu vipande vipande kwa miaka, leo naliandika lote mahali pamoja.

Nianze na kuzimia, maana ndiko kunakowatisha wengi. Kula. Kunywa chai, kula chapati, ingia ukiwa umeshiba. Katika kundi letu aliyeanguka siku ya kwanza alikuwa hajatia kitu tumboni tangu jana yake, akiogopa kutapika, kisha akasimama saa mbili bila kusogeza mguu. Fomalini, dawa ya kuhifadhia maiti, itakuchoma macho na pua, kwa hiyo kama huwa unavaa lenzi za macho, siku hiyo vaa miwani. Ukizidiwa toka nje upate hewa, wala usione haya. Ile ni kemikali yenye madhara, si mtihani wa ujasiri. Nywele zifunge na kitambaa usichokivaa kwingine, kwa sababu harufu ile hung'ang'ania hadi kwenye mto wa kulalia.

Woga wa maiti wenyewe huisha ndani ya wiki mbili tatu. Kinachobaki ni kisu, na hapo ndipo ninapotaka unisikilize.

Tulikuwa watu 8 kwenye meza yetu, na wiki ile tulikuwa kwenye kwapa. Kwapa limejaa mafuta, na ndani ya mafuta hayo mna mishipa ya damu, yaani ateri na veni, tezi za limfu na fungu zima la neva, mishipa ya fahamu, zinazoteremka mkononi kutoka shingoni. Kwenye atlasi, kitabu cha michoro ya mwili, ateri ni nyekundu, veni ni ya buluu, neva ni ya njano. Mwilini hakuna rangi hizo. Kila kitu ni kijivu kinachoelekea kahawia, kama nyama iliyochemshwa ikaachwa. Mimi nilikuwa na haraka ya kuiona ile herufi M ambayo neva huichora mbele ya ateri ya kwapa, ndiyo inayotajwa na kila mwalimu. Nikakutana na kiuzi chembamba kinachokatiza mafuta kutoka ubavuni kwenda upande wa ndani wa mkono. Nikadhani ni utando tu. Nikakikata.

Mwalimu alifika, akainama, akauliza, "Interkostobrakiali iko wapi?" Ndiyo neva niliyoidhani utando. Sikuwa na la kumwonyesha zaidi ya ncha mbili.

Miaka kadhaa baadaye, nikiwa wodini, alikuja mama aliyekuwa amefanyiwa upasuaji wa saratani ya titi, na tezi za kwapani zikaondolewa. Kidonda kilikuwa kimepona vizuri. Lakini alikuwa akijipapasa sehemu ya ndani ya mkono, juu ya kiwiko, akaniambia, "Mwanangu, hapa pamekufa ganzi. Nikijishika naona kama namshika mtu mwingine." Nilijua palepale ni neva gani. Katika upasuaji wa kwapa mara nyingi hukatwa kwa sababu inapita katikati ya tezi zinazotafutwa, na kuinusuru si rahisi. Nilimchorea kwenye karatasi ilikotoka na inakokwenda, akashusha pumzi, kwa kuwa alikuwa amejiaminisha kwamba ugonjwa umerudi.

Basi ushauri wangu mkubwa ni huu: usikate kitu usichokijua jina. Kwa kweli sehemu kubwa ya kazi ile haihitaji kisu kabisa. Kisu ni cha kufungulia ngozi. Baada ya hapo chukua mkasi, ingiza ncha zake zikiwa zimefumba, kisha uufumbue taratibu. Mkasi unapofumbuka hutenganisha, unapofumba hukata. Halafu tumia kidole. Ateri ina ukuta mnene, ukiibingirisha inarudi kama mpira. Veni imelala bapa, ukuta wake laini, mara nyingine ina damu nyeusi iliyoganda. Neva haina tundu. Ni kamba iliyojaa, ukiivuta kidogo unahisi nyuzinyuzi. Funga macho ujaribu. Siku utakayozitofautisha bila kuangalia, utakuwa umejua kitu ambacho atlasi haiwezi kukufundisha.

Na usikae kwenye meza yenu tu, tembelea na za wenzako. Gusanisha kidole gumba na kidole cha mwisho, kisha ukunje kifundo cha mkono kidogo: kano inayochomoza katikati ni ya msuli uitwao palmarisi longasi. Wako watu wengi tu ambao hawana, na hawajapungukiwa na chochote. Mzee aliyelala mezani kwetu alikuwa nayo mkono wa kulia, wa kushoto hakuwa nayo. Nimewahi kuwaona wanafunzi wakiitafuta nusu saa kwa sababu kitabu kimesema ipo. Ugonjwa huu wa kuamini kitabu kuliko mwili ni wa zamani. Galen, tabibu wa Kigiriki wa kale aliyejifunza kwa kupasua nyani na nguruwe, aliandika kwamba taya la chini la binadamu ni mifupa miwili, na wasomi wakaendelea kuyaheshimu maandishi yake kwa zaidi ya miaka 1,000, hadi Vesalius, mwanaanatomia aliyekuwa akifundisha Padua, Italia, alipochapisha kitabu chake mwaka 1543 akionyesha ni mfupa mmoja. Kitabu kikipingana na mwili ulio mbele yako, mwite mwalimu, muutazame mwili.

Sasa huyo aliyelala mezani. Hatukuambiwa jina lake. Viganja vyake vilikuwa na sugu, visigino vimepasuka magaga. Mtu wa jembe na wa kutembea. Sehemu nyingi za Afrika miili ya kufundishia ni ya watu ambao hawakupata ndugu wa kuja kuwachukua. Uingereza nayo ilianzia huko: baada ya wanaume wawili, Burke na Hare, kuua watu 16 mjini Edinburgh mwaka 1828 na kumuuzia mwanaanatomia maiti zao, sheria ya 1832 iliruhusu miili ya maskini wasio na wenyewe itumike. Kwa hiyo msimpachike jina la utani. Msipige picha, hata ya mkono peke yake.

Babu yangu wa Pangani aliposikia ninachosoma alinikumbusha hadithi ya Mtume, kwamba kuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja mfupa wa aliye hai. Sikubishana naye. Wako wanazuoni walioruhusu jambo hili kwa dharura ya elimu ya tiba, nami nilimweleza hivyo, lakini maneno yake nimeyafanya kipimo cha mikono yangu hadi leo. Kama nyumbani kwenu wana wasiwasi, wasikilize kwanza.

Kila mkimaliza, mfunikeni kwa kitambaa kilicholoweshwa, vidole vyote viingie ndani. Kundi la jirani lilisahau mkono nje Ijumaa. Jumatatu ulikuwa umekauka kama ngozi ya kiatu, hakuna tena cha kusoma pale. Na chini ya meza kutakuwa na ndoo. Kila mnachoondoa, hata donge la mafuta, kiende kwenye ndoo ya meza yenu, kisichanganywe na cha meza nyingine, kwa sababu kozi ikiisha mwili huzikwa, na yake inapaswa kuzikwa naye. Kile kiuzi changu cha kwapani nacho nilikiweka humo.