Kokteli ya ramu nyumbani: anza na ndimu

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii ni kama kokteli za ramu zinazouzwa kwa bei ya juu kwenye hoteli za ufuoni zinaweza kutengenezwa nyumbani zikawa na ladha ile ile. Jibu langu: zinaweza kuwa tamu kuliko za hotelini, na kwetu Malindi kazi ni nyepesi kuliko mnavyodhani. Nilihudumu kaunta ya baa ya hoteli kwa miaka mingi, na ninajua kilichokuwa kikimiminwa kwenye zile glasi ndefu. Juisi ilitoka kwenye pakiti, ndimu zilikamuliwa asubuhi zikasubiri hadi usiku, na shira ya rangi ilitoka kwenye chupa. Wageni walikuwa wengi na glasi zilitakiwa haraka. Nyumbani huna foleni, na soko liko karibu.

Watu wengi wanaoniomba niwafundishe huanza kwa kuuliza ramu gani ni nzuri. Mimi huwaambia waanze na ndimu. Kokteli ikikosa uchachu inakuwa juisi tamu yenye pombe ndani yake, inamchosha mtu baada ya mafunda matatu. Na ndimu hupoteza makali yake upesi ikishakamuliwa, ndiyo maana ile ya asubuhi haifai jioni. Chukua zilizoanza kugeuka njano, zenye ganda jembamba. Zivingirishe mezani kwa kiganja, ukizikandamiza hadi uzisikie zimelegea, ndipo ukate. Kamua kwa nguvu ya wastani tu, maana ukiliminya ganda mpaka mwisho linatoa mafuta machungu. Ukimaliza nawa mikono kwa sabuni kabla hujatoka nje. Maji ya ndimu yakikaa kwenye ngozi kisha ukapigwa na jua letu la mchana, unaungua hadi malengelenge, na alama hukaa wiki kadhaa. Nimeliona hilo kwa vijana wa kazini zaidi ya mara moja, na wengi hawakujua limetoka wapi.

Kokteli ya kwanza ya kujifunza ni daiquiri, na simaanishi ile ya stroberi inayosagwa na barafu. Inasimuliwa kwamba mhandisi Mmarekani, Jennings Cox, aliyefanya kazi kwenye migodi karibu na Santiago de Cuba, ndiye aliyeianzisha yapata mwaka 1898. Ina vitu vitatu tu: ramu nyeupe mililita 60, maji ya ndimu 30, shira nyepesi 20. Shira yake ni sukari na maji kwa kiasi sawa, ikoroge tu hadi sukari iyeyuke. Usitumie ile nzito ya kaimati, haitachanganyika na baridi. Weka vyote kwenye chupa ya jamu yenye mfuniko unaobana, jaza barafu, tikisa kwa nguvu sekunde kumi na tano, chuja kwa kichujio cha chai. Kama huna kipimo, tafuta kile kikombe kidogo cha plastiki kinachokuja na dawa ya kikohozi. Kimeandikwa mililita ubavuni, na ni sahihi kuliko jicho la mtu yeyote. Tafadhali pima. Nimekutana na watu wenye mkono mzuri sana wa mapishi, wanaotia chumvi kwa kukadiria tu na mchuzi ukatulia, lakini kwenye ndimu na shira mililita kumi zinabadilisha kila kitu.

Ukiishika hiyo, nyingine zinafunguka zenyewe. Punguza ramu kidogo, ongeza majani ya nanaa na soda, umefika kwenye mojito. Nanaa usiitwange kwenye kinu kama kitunguu saumu. Ibonyeze kidogo kwa mchi itoe harufu, basi. Ikipondeka inakuwa chungu na vipande vinakwama menoni.

Sasa niseme kuhusu nazi, maana hapa ndipo ninapoona uchungu. Piña colada, ile kokteli ya ramu, nazi na nanasi, inatoka kisiwa cha Puerto Rico huko Karibea. Inayosimuliwa zaidi ni kwamba Ramón Marrero aliitengeneza mwaka 1954 kwenye hoteli ya Caribe Hilton jijini San Juan, na mwaka 1978 Puerto Rico ikaitangaza kuwa kinywaji chake rasmi. Kilichoiwezesha ni tui zito lenye sukari lililotiwa kwenye kopo, Coco López, ambalo nalo lilibuniwa huko huko. Kwa nchi isiyo na minazi, kopo ni msaada mkubwa. Lakini kumwona mtu wa Malindi, mwenye mbuzi ya kukunia nazi jikoni, akitafuta kopo supamaketi, kunaniuma.

Fanya hivi. Zikune nazi mbili zilizokomaa, tia maji ya uvuguvugu kidogo sana, kamua upate kasimile. Tui la pili weka kando, litapikia wali. Kwa kila mililita 200 za kasimile tia sukari gramu 150 na chumvi kidogo, ile inayoshikwa na ncha za vidole viwili. Chumvi usiiache, ndiyo inayoifanya nazi isikike. Weka kwenye moto mdogo, koroga bila kuacha, na lisichemke kabisa, kwa sababu likichemka litakatika na mafuta yatajitenga juu. Sukari ikiyeyuka, epua na uliache lipoe. Kwenye friji linakaa siku mbili tatu. Litaganda kama samli, hivyo tumbukiza chupa kwenye maji ya moto dakika chache kabla ya kulitumia.

Nanasi nalo, chagua kwa pua. Nusa kitako chake; lisiponukia halijaiva, hata kama rangi ni nzuri. Siri ambayo hotelini hatukuwahi kuitumia ni kuligandisha lenyewe. Menya na ukate vipande usiku, tia kwenye friza, kesho yake saga vipande hivyo badala ya barafu. Kinywaji kinakuwa kizito na baridi, wala hakizimuliwi na maji. Kwa glasi moja: ramu 60, kasimile tamu 45, vipande vya nanasi kikombe kimoja cha chai, na ndimu 15. Mapishi ya Puerto Rico kwa kawaida hayana ndimu. Mimi naitia, na sijapata mgeni aliyetaka niitoe.

Jambo moja la kukumbuka: nyingi ya hizi kokteli zinazoitwa za visiwani zilizaliwa Kalifonia. Donn Beach alifungua baa yake Hollywood miaka ya 1930, na Victor Bergeron, anayejulikana zaidi kama Trader Vic, alitengeneza Mai Tai mwaka 1944 akiwa Oakland. Walipamba baa kwa makuti na mianzi wakiwauzia watu wa mjini ndoto ya pwani. Basi mtu wa pwani asione haya kuzirekebisha. Mai Tai inahitaji shira ya lozi. Lozi kwetu ni ghali, lakini korosho tunazo, na mimi naona zinafaa zaidi. Loweka gramu 150 za korosho zilizobanguliwa, zisizokaangwa, kwenye maji ya moto saa mbili. Mwaga maji hayo, saga korosho na mililita 300 za maji safi, kamua kwa kitambaa cheupe. Tia sukari uzito sawa na maziwa yaliyotoka, pasha moto mdogo hadi iyeyuke. Ikipoa, matone mawili ya marashi ya waridi, yale ya kupikia. Tone la tatu linaigeuza kuwa sabuni. Pombe tamu ya chungwa inayotakiwa humo ni bei mbaya, na mimi naishi bila hiyo: nachemsha maganda ya chungwa kwenye shira ya kawaida, bila ile nyama nyeupe ya ndani. Kisha ramu ya rangi ya kahawia 60, ndimu 25, shira ya korosho 15, shira ya maganda 15. Tikisa, mimina juu ya barafu, weka tawi la nanaa karibu na mahali pua inapogusa.

Ramu yenyewe? Inatokana na miwa, mara nyingi molasi inayobaki baada ya kutengenezwa sukari. Nyeupe ya bei ya wastani inatosha kwa karibu yote niliyoyataja. Nunua chupa yenye mfuniko ambao haujafunguliwa na stempu ya ushuru ya KRA (mamlaka ya mapato ya Kenya), dukani unapopaamini. Ya kupimiwa kwenye chupa ya maji usiiguse, hata kama rafiki anaapa. Methanoli haina harufu ya kukuonya, na inapofusha na kuua.

Ukitaka kuipa ramu nyeupe tabia, majirani zetu wa Bahari ya Hindi, watu wa Réunion na Madagaska, wanailoweka. Wao hutumia vanila na matunda. Mimi natia kijiti cha mdalasini, iliki chache zilizopasuliwa, ganda la chungwa na vipande vya tangawizi kwenye chupa ya kioo, naiacha kabatini mwezi au zaidi. Karafuu ni mbili tu, tena nazitoa baada ya siku chache, zisije zikameza kila kitu. Kuna anayeniuliza mbona situmii tembo la mnazi. Tembo linaendelea kuchacha saa hadi saa, ladha ya saa nne si ya saa kumi, kwa hiyo halipimiki. Linywewe lenyewe.

Barafu: tumia maji uliyoyachemsha, na gandisha kwenye vyombo vikubwa kidogo. Mapande makubwa huyeyuka polepole. Ile barafu ya mabonge inayouzwa kwa ajili ya samaki ni ya samaki. Na jaza glasi hadi juu. Watu huogopa barafu nyingi itakizimua kinywaji, kumbe iliyo chache ndiyo inayoyeyuka upesi. Stima zetu mnazijua, kwa hiyo gandisha siku moja kabla.

Neno kuhusu nguvu. Mililita 60 za ramu ya asilimia 40 ni toti mbili kamili, na nazi na sukari zinazificha zisionekane. Mgeni hasikii kitu mpaka asimame. Mimi huwaambia kabla ya kuwapa, natoa na maji na kitu cha kutafuna, viazi karai au mihogo, na anayerudi kwa pikipiki yake simpimii kabisa.

Na kwa kuwa hapa tunaishi pamoja na wengi wasiotumia pombe, kinywaji chao nakitengeneza kwanza, kabla chupa haijafunguliwa, kwa blenda na glasi ambazo haziguswi na ramu. Sipendi kumpa mtu kokteli iliyopunguziwa kitu, akaona ameachwa pembeni. Ukwaju uliolowekwa na kuchujwa, shira ya korosho, tangawizi mbichi iliyotwangwa, ndimu na soda: unatikiswa vile vile na kutiwa kwenye glasi zile ndefu. Wapo wanywaji wa ramu kwangu ambao glasi ya pili huomba huo.

Msomaji wenu, Malindi