Kabla ya Kugusa Pampu, Fungua Ea Klina

Kwa misimu kadhaa nimesafirisha tumbaku kwa Fuso kutoka vijiji vya Urambo na Kaliua hadi Tabora mjini, na kosa lililonigharimu kuliko yote ni kuamini kwamba gari linalofuka moshi mweusi ndilo lenye nguvu. Lilipoanza kuchoka na mzigo, fundi mmoja alinishauri pampu ifunguliwe ili itoe dizeli zaidi. Kwa wiki mbili lilivuta vizuri. Baadaye moshi ukazidi mpaka wauza asali wa kando ya barabara wakawa wanajifunika kanga usoni kila nikipita, na mafuta yaliyokuwa yakinifikisha Kaliua na kunirudisha yakawa yananiishia njiani.

Moshi mweusi ni masizi ya dizeli iliyokosa hewa ya kuiunguza. Lita moja ya dizeli huhitaji takribani lita 10,000 za hewa, na hewa hiyo yote hupitia kwenye ea klina, yaani chujio la hewa la karatasi. Nilipoifungua ya kwangu, vumbi jekundu lilikuwa limejaa hata mikunjo ya karatasi haionekani. Kumbe injini ilikuwa imekabwa koo, nami nikazidi kuilisha.

Sasa kiangazi huikagua kila wiki. Hupulizwa kwa upepo mdogo kutoka ndani kwenda nje, kwa sababu ukipuliza kutoka nje vumbi huzidi kuzama. Utingo wangu alizoea kuigonga kwenye tairi, jambo linalochana karatasi na kulipa vumbi njia ya kwenda kula silinda, nimempiga marufuku.

Hewa ikishapita vizuri, ndipo nozeli, zile zinazonyunyiza dizeli ndani ya injini, zipimwe na pampu irudishwe kwenye kipimo cha kiwandani. Fundi akitaka kutoa themostati, kifaa kinachodhibiti joto la injini, eti injini isichemke, mkatalie, kwani injini isiyofikia joto lake haiunguzi mafuta sawasawa. Moshi wa bluu ni habari nyingine: hiyo ni oili inayoungua.

Mwaka 2012 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliutangaza moshi wa dizeli kuwa unasababisha saratani kwa binadamu. Najua kuyasema haya nikiwa nimepakia tumbaku kuna kichekesho chake. Hata hivyo, nikifika ghalani huzima injini kabla turubai halijafunguliwa, maana vibarua hushusha marobota wakiwa wamesimama nyuma ya gari, hatua chache kutoka kwenye eksozi.