Wakili wa kesi nzito nitamjuaje kabla sijampa mafaili?

SWALI: Habari za kazi wakili. Mimi na kaka zangu wawili tuna kampuni ya usafirishaji tuliyoachiwa na mzee. Kampuni ilikopa benki, nyumba ya familia ndo ikawekwa rehani. Mkopo umesuasua, benki imeshaleta notisi, na kaka mkubwa anasema saini iliyopo kwenye mkataba sio yake. Shemeji ametuletea wakili, ana ofisi nzuri, digrii ya pili kasomea nje na anasema ana miaka 15 kazini. Nitajuaje kama hii kesi ataiweza? Dada wa Morogoro.

JIBU: Salama dada, pole na hayo.

Tuanze na kitu watu wanakiruka, mwanasheria na wakili sio kitu kimoja. Mtu akimaliza digrii ya sheria ni mwanasheria, ila ili asimame mahakamani kukutetea lazima apite Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, na pale sio mchezo, 2022 waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26 kati ya 633 mpaka waziri akaunda kamati ya kuchunguza. Akishafaulu ndo aapishwe na Jaji Mkuu na jina liingie kwenye orodha ya mawakili. Leseni nayo inahuishwa kila mwaka. Ingia mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, tafuta jina lake, dakika mbili tu. Usione aibu, vishoka wenye suti na mihuri wapo, na nyaraka ikisainiwa na mtu asiye na leseni upande wa pili wakishtuka wanaiwekea pingamizi na wewe ndo utalia.

Digrii ya pili isikubabaishe, hata yangu ipo ukutani inapigwa vumbi. Na hiyo miaka 15, ni 15 ya kufanya nini? Kuna wenzetu miaka yote hiyo ni mauziano ya viwanja, mirathi na kugonga mihuri ya viapo, kazi halali kabisa na zina hela, ila hajawahi kumhoji afisa mikopo kizimbani hata siku moja.

Kesi yako ina rehani, ina kampuni, na ina saini inayotaka mtaalamu wa maandishi, vyote vimesukwa pamoja. Ikienda Mahakama Kuu Divisheni ya Biashara, ile iliyoanzishwa 1999, kule wana kanuni zao. Maelezo ya shahidi yanaandikwa na kuingizwa mahakamani mapema, siku yenyewe shahidi anayatambua tu kwamba ni yake, baada ya hapo anaachiwa wakili wa benki amtwange maswali. Aliyezoea kumwongoza shahidi kwa mdomo polepole anaumbuka pale maana kilichosahaulika kwenye karatasi ndo kimeshasahaulika.

Kumpima ni hivi. Fungua TanzLII, ile tovuti ya hukumu za Tanzania, ni bure, kuna hukumu za Mahakama Kuu na za Rufani na majina ya mawakili yamo humo humo. Tafuta lake. Usihesabu alizoshinda, sote tunashindwa, wewe soma ALISHINDWAJE. Kama jaji alimsikiliza kwenye hoja na ushahidi akamkatalia, huyo anapigana. Ila ukikuta zinafutwa kwa makaratasi, mara kachelewa muda, mara kafungua mahakama isiyo na mamlaka, mara kiapo hakisemi kimeapwa wapi na lini, kimbia.

Hili nalijua kwa kuungua. Mwaka wangu wa pili nilifunga makabrasha ya rufaa mpaka saa sita usiku, nikajiona nimemaliza. Siku ya kusikilizwa mpinzani akasimama na kitu kimoja tu, hukumu ina tarehe 14, dikrii (ile amri ya mahakama inayotolewa kutokana na hukumu) tuliyoambatanisha ina tarehe 17, na zinatakiwa zifanane. Rufaa ikafutwa hata dakika kumi hazijafika. Mteja alikuwa benchi la nyuma na mkewe, nikamfuata, akaniuliza "tumeshinda?" Mpaka leo nikishika dikrii macho yanaenda kwenye tarehe kwanza. Ni kweli tangu marekebisho ya sheria ya 2018 mahakama zinaangalia haki zaidi kuliko ufundi wa makaratasi, ila huyo wakili asikuambie ndo kinga, suala la muda na la mamlaka bado linaua kesi.

Muulize pia siku ya kesi atasimama nani. Ofisi nyingi anayekuja mjini kuongea na wewe ni bosi, mahakamani anatokea kijana anamshikia brifu, yaani anasimama badala yake, na faili kalifungua kwenye daladala.

Mpe nakala za mkataba wa mkopo na hati ya rehani (orijino baki nazo), akae nazo siku mbili tatu, alafu akuambie udhaifu wa upande WENU ni upi. Akisema hamna udhaifu wowote, chukua makaratasi yako.

Alafu dada hujasema, notisi ya benki mliipokea tarehe ngapi? Zile siku 60 mnazopewa kisheria kulipa kabla benki haijauza nyumba zinahesabiwa toka siku ya kuipokea, kwa hiyo kama bahasha ipo itafute leo leo.